Nimestaafu, nimerudi kwenye brashi: mbona kila rangi inageuka tope?

#1 Brashi Kavu
Wakuu, salaam.
Kabla ya ajira nilikuwa napaka picha kwa rangi za mafuta, na watu walikuwa wakiniomba niwapakie. Ikaja kazi ya uhasibu, wakaja watoto, ikaja mikopo, brashi zikalala kwenye boksi zaidi ya miaka thelathini. Sasa nimestaafu. Muda ninao, stendi nimeisimamisha, turubai zipo. Tatizo ni kwamba kila ninachopaka kinatoka tope. Naanza na bluu safi na njano safi, namaliza na maji ya kudekia. Nimetoa picha zangu za zamani nikaziweka kando ya hizi mpya, na yule kijana ananishinda kwa mbali. Ni macho? Ni mkono? Au kipaji kisipotumika huisha? Nawaomba waliopitia hili. Pole nimeshapewa za kutosha nyumbani.

#2 Penseli Butu
Naweka kambi hapa. Na mimi kustaafu kumekaribia na nina mpango huohuo. Ngoja waje wajuzi.

#3 Fundi Turubai
Mzee Brashi, kabla hatujaanza kupiga ramli: rangi unazotumia ni za kwenye boksi la zamani au umenunua mpya? Unapaka saa ngapi, kwa taa ya aina gani? Na unapochanganya, unachanganya rangi ngapi kwa wakati mmoja?

#4 Nesi wa Zamani
Nimefanya kazi kitengo cha macho mpaka nilipostaafu, kwa hiyo naanzia huko. Lenzi ya jicho hugeuka njano kadiri umri unavyokwenda, na lenzi ya njano huzuia mwanga wa bluu. Mabadiliko yanakuja polepole mno, mwenyewe huwezi kuyahisi. Ukipata na mtoto wa jicho, hali inazidi. Claude Monet, mpakaji picha wa Kifaransa, aliambiwa ana mtoto wa jicho mwaka 1912, na picha zake za miaka iliyofuata zilijaa rangi nyekundu na kahawia. Januari 1923, akiwa na miaka 82, alifanyiwa upasuaji jicho la kulia. Baada ya hapo akalalamika kwamba anaona bluu kupita kiasi. Mzee, nenda ukapimwe macho kwanza. Mengine yafuate.

#5 Mbishi Halali
Nesi, nakuheshimu ila hapo nakupinga. Kama jicho langu lina uchujio wa njano, linachuja ua ninalolitazama na linachuja pia rangi iliyo kwenye turubai. Nikichanganya mpaka vifanane machoni pangu, vitafanana na machoni pako vilevile. Hoja hii ina umri mrefu. Kuna waliosema El Greco, mpakaji wa Hispania aliyekufa 1614, alipaka watu warefu wembamba kwa sababu jicho lake lilikuwa na kasoro ya kurefusha vitu. Lakini kama jicho lingerefusha, lingeirefusha na picha yake pia, na angeirekebisha. Alipaka watu warefu kwa sababu aliwapenda warefu.

#6 Nesi wa Zamani
Mbishi, hoja yako ni nzuri ila inasimama pale tu unapolinganisha kitu na picha bega kwa bega, kwenye mwanga mmoja. Ukipaka kwa kumbukumbu, au ukichukua rangi kwa mazoea ya "anga ni hii na hii", jicho halina cha kulinganisha. Monet mwenyewe ilifika mahali akawa anategemea maandishi ya kwenye tyubu na mpangilio wa rangi kwenye paleti yake, kile kibao cha kuchanganyia rangi. Halafu kuna suala la kutofautisha: bluu iliyokolea na zambarau iliyokolea zikianza kufanana machoni, utazichanganya bila kujua umechanganya nini.

#7 Mbishi Halali
Hapo kwenye kutofautisha nimekusoma. Kwenye njano bado nabisha.

#8 Brashi Kavu
Asante wote. Fundi, najibu: tyubu nyingine za zamani, nyingine mpya. Napaka usiku baada ya taarifa ya habari, kwa taa ya kawaida ya sebuleni, ile yenye mwanga wa njano. Kuchanganya, nachanganya mpaka ipatikane. Rangi tano, sita. Mwanzoni hata vifuniko vya zile tyubu vilikataa kufunguka, nikatumia koleo, mbili zikapasuka ubavuni.

#9 Fundi Turubai
Basi nusu ya jibu umeshaitoa mwenyewe. Twende taratibu.

Kifuniko kikigoma usikinyonge kwa koleo. Kiingize kwenye maji ya moto kwa dakika chache, halafu kizungushe huku umeshika shingo ya tyubu, si tumbo lake. Ukifungua utakuta ngozi ngumu mdomoni. Itoboe kwa msumari, chini yake rangi huwa bado laini. Rangi ya mafuta haikauki kwa kupoteza maji. Hukauka kwa kunywa oksijeni, kwa hiyo tyubu iliyofungwa vizuri inaweza kukaa miaka na miaka. Ikiwa imetengana, mafuta yamepanda juu na unga umeshuka chini, ikamue kwenye kioo uikoroge kwa kisu.

Taa: acha ile ya njano. Chini yake njano na nyeupe zinakaribiana sana, na bluu inafifia, kwa hiyo unaongeza bluu mpaka unazidisha. Asubuhi unakuta maafa. Tafuta taa yenye mwanga mweupe, ule ulioandikwa Kelvini 5000 hivi (kipimo cha rangi ya mwanga), au paka mchana.

Rangi sita kwenye mchanganyiko mmoja ni nyingi mno. Halafu geuza tyubu usome maandishi madogo. Utaona alama kama PB29, hiyo ni bluu ya altramarini; PW6 ni nyeupe ya titani. Tyubu yenye alama moja ina unga wa rangi wa aina moja. Tyubu za bei nafuu mara nyingi zina alama mbili au tatu, maana yake kiwanda kimeshakuchanganyia kabla hujaanza. Wewe ukichanganya mbili kumbe umechanganya tano. Na altramarini ina wekundu kwa ndani. Ukiipeleka kwenye njano nzito inayoelekea chungwa, ambayo nayo ina wekundu, kijani kitatoka kimechoka. Jaribu bluu ya thalo na njano ya limau uone kijani kinavyopiga kelele.

#10 Kijana Mjuaji
Shikamooni wazee. Naongezea nyama: tatizo ni nyeupe ya titani. Ni rangi mpya, enzi zenu haikuwepo, mlikuwa mnatumia ya madini ya risasi. Ndiyo maana mzee picha zake zimebadilika.

#11 Fundi Turubai
Marahaba. Lakini "enzi zetu" unazihesabu kuanzia wapi? Titani imekuwa sokoni tangu miaka ya 1920. Yaani hata baba yangu angeikuta. Ulichokaribia kukisema ni hiki: nyeupe ya titani ina nguvu sana ya kumeza rangi nyingine, na ya zinki ni dhaifu, inapitisha mwanga. Kama mzee zamani alitumia zinki na sasa anatumia titani kwa kipimo kilekile, kila rangi itakuwa na sura ya chaki. Zinki nayo ina kasoro yake, ikishakauka katika mafuta huwa rahisi kupasuka. Nyeupe ya risasi ni sumu, na mwenye wajukuu wanaotambaa asiiweke nyumbani.

#12 Kijana Mjuaji
Nimepokea mzee wangu 😂 Nilisoma mahali.

#13 Mama wa Mapacha
Mnamzamisha mzee kwenye tyubu. Mimi nilirudi kwenye rangi za maji baada ya kuacha ualimu, na macho yangu yamepimwa, hayana neno. Bado nilichukia kila nilichopaka. Kwa maoni yangu kilichokua ni jicho la ndani. Miaka yote hiyo hukupaka lakini ulitazama: picha, vitabu, sura za watu, mawingu. Sasa unajua picha nzuri ikoje, na mkono uko palepale ulipouacha. Ukiwa na miaka ishirini ulikuwa hujui usichokijua, ukapaka kwa raha. Hokusai, mchoraji wa Japani aliyezaliwa 1760, akiwa na miaka sabini na kitu aliandika kwamba yote aliyochora kabla ya sabini hayana uzito. Na huyo hakuwahi kupumzika hata kidogo.

#14 Mbishi Halali
Mama wa Mapacha, maelezo yako matamu ila hayaelezi tope. Tope ni tope hata kwa asiyejua sanaa.
Nami natoa nadharia yangu: picha za zamani zinaonekana nzuri kwa sababu ni zile zilizobaki. Mbaya zilitupwa, zilichanwa, zilipakwa juu. Mzee Brashi analinganisha picha bora za ujana wake wote na kazi za wiki chache hizi. Ushindani gani huo?

#15 Brashi Kavu
Mbishi, hapo umenigusa. Kweli zilizobaki ni chache, na mama yangu ndiye aliyezichagua za kutunza.

#16 Chora Kwanza
Nimesoma uzi wote. Nashangaa hakuna aliyeuliza kama mzee anachora kabla ya kupaka. Watu wengi wanaorudi wanakimbilia rangi. Picha ikionekana tope, mara nyingi kilichokosekana ni tofauti ya mwanga na giza. Rangi zote zimekaa katikati, hakuna peupe pa kweli wala peusi pa kweli, basi jicho linasoma matope hata kama kila rangi peke yake ni safi.

Fanya hivi. Weka kikombe cheupe kwenye kitambaa cheupe, karibu na dirisha, mwanga uje upande mmoja. Chukua rangi mbili tu, nyeupe na amba ya kahawia (ile rangi ya udongo, umber). Finya macho mpaka vitu vianze kupotea. Utaona kwamba upande wa kivuli wa kikombe "cheupe" una giza kuliko ulivyodhani, mara nyingine una giza kuliko kitambaa cha kijivu kilicho kwenye mwanga. Changanya, chota kidogo kwa ncha ya kisu, nyoosha mkono, peleka kile kisu mpaka rangi yake iguse ukingo wa kivuli machoni pako. Fumba jicho moja. Kama unaona mpaka kati ya rangi na kivuli, bado. Rudi kwenye paleti. Rangi ikimezwa na kivuli, hapo ndipo uipeleke kwenye turubai. Zoezi linachosha, nakubali, na kikombe utakichukia.

#17 Penseli Butu
Nimejaribu hili la kikombe sasa hivi kwa penseli. Kivuli kilicho ndani ya kikombe kina giza kuliko kile cha nje! Miaka yote nakunywa humo sijawahi kuona.

#18 Mkono Mzito
Salaam. Mimi yangu si rangi, ni kutetemeka. Mistari ilikuwa inanitoka kama nimeandika ndani ya gari bovu. Daktari akasema ni mtetemeko wa umri, si ugonjwa wa kuogopesha, ila brashi ndogo ndiyo basi. Nikahamia brashi pana, naishika mwishoni kabisa mwa mpini, nasimama, na mkono unasogea kuanzia begani badala ya kifundo. Kwa sehemu ndogondogo natumia fimbo ya kuegemeza mkono, ile yenye kichwa kilichofungwa kitambaa. Unaitegemeza ukingoni mwa turubai na kiganja kinapumzika juu yake. Wapakaji wa zamani wa Ulaya waliitumia sana, hata vijana wenye mikono mizima. Picha zangu sasa zimekuwa pana na za ovyo ovyo, na binti yangu anasema ni nzuri kuliko zile za mistari iliyonyooka. Sijui kama ananifariji.

#19 Mama wa Mapacha
Mkono Mzito, Renoir, mpakaji wa Kifaransa, alikuwa na baridi yabisi mpaka wakawa wanamfunga brashi mkononi, na aliendelea kupaka hadi mwaka aliokufa, 1919. Usikate tamaa.

#20 Nesi wa Zamani
Dada, hadithi hiyo imezunguka sana ila ilivyo hasa ni kwamba vile vitambaa mikononi vilikuwa vya kulinda ngozi ya viganja. Vidole vilikuwa vimejikunja, mtu alimwekea brashi katikati yake, akaishika mwenyewe. Hakufungwa. Aliyebadilisha kabisa namna ya kufanya kazi ni Mfaransa mwingine, Matisse: baada ya upasuaji wa tumbo mwaka 1941 alikuwa mtu wa kitanda na kiti cha magurudumu, wasaidizi wakawa wanapaka karatasi rangi, yeye anakata kwa mkasi. Kazi zake za mkasi leo zina jina kama zile za brashi.

#21 Kijana Mjuaji
Bibi Moses wa Marekani je? Hajawahi kugusa brashi maishani, akaanza karibu na miaka themanini, akawa maarufu. Kwa hiyo kipaji hakiishi!

#22 Chora Kwanza
Kijana, leo una bahati mbaya. Alizaliwa 1860, na ni kweli alishika kupaka kwa bidii akikaribia themanini. Lakini kabla ya hapo alikuwa akidarizi picha kwa nyuzi za sufu, na alihamia brashi baada ya baridi yabisi kumsumbua vidole vya kushikia sindano. Na kupaka alikuwa ameshapaka huko nyuma, hapa na pale. Yaani jicho la kupanga picha alikuwa nalo siku zote. Mwaka 1938 mnunuzi mmoja aliona kazi zake kwenye dirisha la duka la dawa, 1940 akapata maonyesho yake mwenyewe, akafa 1961 na miaka 101.
Anayefanana na mzee wetu ni Henri Rousseau. Alikuwa mtoza ushuru Paris, akastaafu 1893 na miaka 49 kwa pensheni ndogo ili apake. Wakosoaji walimcheka vibaya sana.

#23 Mhasibu Mwenza
Hapo kwenye utoza ushuru mmegusa jambo. Mimi pia nimetoka kwenye uhasibu, na nasema tatizo la ndugu yetu ni uhasibu wenyewe! Miaka yote hiyo umefundishwa kwamba kosa ni hasara na lazima lirekebishwe leo kabla ya kufunga vitabu. Sasa unapaka pigo moja, unaliona si sahihi, unalirekebisha juu kwa juu kabla halijakauka, tena, na tena. Rangi mbichi juu ya rangi mbichi mara nane. Tope litakosaje kuja? Weka pigo, liache. Ukilichukia, likwangue kwa kisu, usilifunike.

#24 Fundi Turubai
Hii ndiyo hoja bora ya uzi mpaka sasa, na imetoka kwa mhasibu. Nimechukia kidogo.

#25 Brashi Kavu
😂 Mhasibu Mwenza, umeingia nyumbani kwangu bila kubisha hodi. Ndivyo ninavyofanya. Ila nauliza: zamani pia nilikuwa narekebisha, mbona halikutoka tope?

#26 Mbishi Halali
Zamani ulirekebisha kesho yake kwa sababu usiku ulikuwa na mambo mengine ya kufanya. Rangi ilipata siku ya kukauka.

#27 Mke wa Mpakaji
Naombeni nami niseme kwa niaba yetu tunaoishi nao. Nyumba nzima inanuka tapentaini, matambara yenye mafuta yamejaa chini ya meza, na picha hazina pa kuwekwa. Ndugu tuliowagawia huzitundika siku tunapokwenda kuwatembelea tu. Msumari unaonekana ni mpya.

#28 Fundi Turubai
Mama, la harufu ni kufungua madirisha na kuacha kabisa tapentaini kama inamkera mtu kifua. Brashi inasafishika kwa mafuta ya kitani, kisha sabuni. Lakini hilo la matambara sikilizeni wote: tambara lililolowa mafuta ya kitani, likikunjwa na kurundikwa, LINAWEZA KUWAKA LENYEWE. Yale mafuta yanapokunywa oksijeni yanatoa joto, na kwenye rundo joto halina pa kutokea. Hakuhitajiki kiberiti. Yatandaze moja moja nje yakauke, au yaloweke kwenye maji ndani ya kopo la chuma lenye kifuniko. Mume wako ayatoe chini ya meza leo.

#29 Mke wa Mpakaji
Nimemsomea. Ameamka bila ubishi, jambo ambalo si la kawaida.

#30 Penseli Butu
Swali la kando. Nina turubai za ujana ambazo sizipendi. Naweza kupaka juu yake kwa akriliki, zile rangi za plastiki zinazochanganywa na maji, ili kuokoa turubai?

#31 Chora Kwanza
Akriliki juu ya mafuta, hapana. Haishiki vizuri, itakuja kubanduka. Mafuta juu ya akriliki, sawa. Mafuta juu ya mafuta yaliyokauka, sawa, ukikwangua vinundu kwanza. Van Gogh, mpakaji wa Kiholanzi, alitumia turubai moja mara mbili kwa kukosa pesa. Mwaka 2008 wanasayansi walitumia eksirei wakaona kichwa cha mwanamke chini ya picha yake ya majani. Ila jua kwamba rangi ya mafuta huzidi kupitisha mwanga kadiri miaka inavyopita, na ulichokificha kinaweza kuanza kuchungulia.

#32 Mama wa Mapacha
Usipake juu yake, Penseli. Nunua karatasi nzito, ipake jeso (ile nyeupe ya kutangulizwa chini ya rangi), ufanyie mazoezi humo. Picha mbaya ya ujana haipatikani tena.

#33 Mbishi Halali
Picha mbaya ni picha mbaya. Paka.

#34 Brashi Kavu
Wakuu, mrejesho. Nimehamia mchana, rangi tatu na nyeupe, nimekwangua badala ya kufunika. Nimeambatanisha picha ya kikombe. Tope limepungua, ila kivuli sikielewi. Macho pia nimepima: mtoto wa jicho ndio anaanza, macho yote mawili, wamesema tusubiri kwanza.

#35 Nesi wa Zamani
Nilisema.

#36 Fundi Turubai
Tope limepungua kabla jicho halijaguswa, Nesi. Ni taa na tyubu.

#37 Mhasibu Mwenza
Ni kisu. Amekwangua.

#38 Chora Kwanza
Hongera mzee, mpini wa kikombe umekaa vizuri. Kivuli kimekuwa cha bluu mno, kipe kahawia kidogo.

#39 Mkono Mzito
Mimi kwenye simu yangu naona ni zambarau.

#40 Kijana Mjuaji
Kwangu ni kijivu kabisa. Wazee, punguzeni mwanga wa simu kwanza, halafu mtu aipige upya nje bila flashi.